Modeli ya kisima ikigoma: anza na mita chache zinazolizunguka shimo

Ijumaa moja jioni, magari yakiwa yameganda Ngong Road, mhandisi kijana niliyewahi kumfundisha kazi alinipigia simu. "Mwalimu, modeli yangu sasa inalingana na vipimo vya pampu, lakini nikianza kupasua mwamba, ufa unakimbia mpaka kisima cha jirani." Kisima chenyewe kiko upande wa Machakos, kwenye jiwe gumu la naisi. Kinatoa nusu mita ya ujazo kwa saa, na mwenye shamba alitaka kujua kama mwamba ukipasuliwa kwa presha ya maji utamwongezea chochote. Nikamuuliza alibadilisha nini mpaka modeli ikalingana.

"Nilishusha upenyevu."

"Kwa kiasi gani?"

"Karibu nusu, Mwalimu."

Nikamwomba afungue faili ya gridi, yaani vile visanduku (seli) ambavyo modeli inaugawa mwamba kwavyo, na asiguse kitu kingine.

Mwongozo huu nawaandikia watu kama yeye, wanaotengeneza modeli za kompyuta za maji yapitayo kwenye mwamba na za mwamba unaopasuka, iwe ni visima vya maji vya Nairobi na Ukambani au visima vya mvuke vya Olkaria. Upenyevu wa mwamba, yaani wepesi wake wa kupitisha maji, ndiyo namba iliyo rahisi kugeuza kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayobebeshwa makosa ya wengine. Ukiubebesha kosa la gridi leo, kesho utakudanganya kwenye ufa.

Kabla ya dalili yoyote: vipimo

Tangu Henry Darcy achapishe majaribio yake ya mchanga mwaka 1856, watu wa maji na watu wa mafuta wamekuwa wakiandika jambo moja kwa sura mbili. Wa mafuta huandika upenyevu wa mwamba wenyewe, kwa darsi au mita mraba. Wa maji huandika kasi ya upitishaji, kwa mita kwa sekunde. Darsi moja ni karibu mita mraba 10⁻¹², na kwa maji ya nyuzi 20 ni karibu mita 10⁻⁵ kwa sekunde. Ukiweka namba ya huku kwenye kisanduku cha kule, umekosea mara milioni kumi, na programu haitakuambia.

Kosa dogo zaidi, ambalo hapa kwetu linauma kuliko pwani, ni la hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu ni kama kilopaskali 83 badala ya 101. Kihisi cha presha kisicho na mrija wa hewa husoma maji na hewa pamoja. Ukitoa 101 kwa mazoea ya kitabuni, kiwango cha maji kinakosewa kwa karibu mita 1.8. Nimeona ripoti nzima ikijengwa juu ya mita hizo.

Dalili: maji ya kwenye modeli hayashuki kama yale ya kisimani

Hii ndiyo iliyompata yule mhandisi. Pampu ilikuwa ikitoa mita za ujazo 12 kwa siku. Kisimani maji yalishuka mita 20. Kwenye modeli, kabla hajagusa upenyevu, yalishuka mita 11. Mita 9 zilienda wapi?

Programu nyingi za gridi hazikuonyeshi presha ya ndani ya kisima, zinakuonyesha presha ya seli nzima iliyokibeba. Seli yake ilikuwa na upana wa mita 50, na nusu kipenyo cha shimo ni sentimita 10. Mwaka 1978 mtafiti Peaceman alionyesha kwamba, kwenye gridi ya miraba, presha ya seli ni ile ya mwamba ulio umbali wa karibu moja ya tano ya upana wa seli kutoka kisimani. Kwa seli ya mita 50, hiyo ni mita 10. Kwa hiyo namba aliyokuwa akiitazama kwenye skrini ilikuwa ya mwamba ulio mita 10 kutoka kwenye shimo, ilhali utepe wa kupimia uliteremshwa ndani ya shimo lenyewe.

Maji yanapokaribia kisima hubanana, kwa sababu yote yanapita kwenye mduara unaozidi kuwa mdogo, na kushuka kwake hufuata logi ya umbali. Mita 10 ukigawanya kwa mita 0.1 unapata 100, na logi asilia ya 100 ni 4.6. Upitishaji wa tabaka zima, yaani kasi ya upitishaji mara unene wa tabaka, ulikuwa mita mraba 1 kwa siku. Chukua 12, gawanya kwa mara mbili ya pai, zidisha kwa 4.6. Unapata mita 8.8. Hizo ndizo zilizopotea. Mwamba haukuwa na kosa lolote. Karibu nusu ya kushuka kote kulikuwa kunatokea ndani ya seli moja ambayo gridi yake haikuweza kuona ndani yake.

Tiba ni mojawapo ya mbili. Washa marekebisho ya kisima, ambayo programu nyingi zinayo lakini wakati mwingine huja yakiwa yamezimwa, au kaza gridi kuelekea kwenye shimo mpaka seli ya kisima iwe na upana wa kama nusu mita.

Hata hivyo si kila pengo ni la gridi. Tope la kuchimbia linaweza kuwa limeziba vinyweleo na nyufa za ukutani, na watu wa mafuta hulipa tabaka hilo jina la ngozi. Maji pia yanaweza kuwa yanaingia kwa kasi hadi yanavurugika kwenye matundu ya bomba. Kutofautisha hayo matatu hakuhitaji bahati. Kata seli katikati, endesha tena: pengo likibadilika, ni gridi. Lisipobadilika, rudi kwenye jaribio la pampu la hatua kwa hatua, chukua kushuka kwa kila hatua na ukugawanye kwa kiasi cha maji kilichotoka. Jibu likibaki lile lile kwa hatua zote, una ngozi. Likipanda kila unapoongeza pampu, una mvurugiko, kwa sababu hasara ya mvurugiko hukua kwa mraba wa kiasi cha maji, kama Jacob alivyoeleza mwaka 1947. Asiyefanya jaribio la hatua hana njia ya kujua, na mimi simkubalii mtu aniambie "ni ngozi tu" bila hizo namba.

Dalili: mwanzo hailingani, baadaye inalingana, au kinyume chake

Ikiwa dakika za kwanza ndizo zinazoachana, tazama maji yaliyokuwa tayari ndani ya bomba. Shimo la nusu kipenyo cha sentimita 10 lina lita 31 kwa kila mita. Kushuka mita 20 kunatoa lita zaidi ya 600, na pampu ya nusu mita ya ujazo kwa saa inazimaliza kwa zaidi ya saa nzima. Muda wote huo unapima bomba, mwamba bado haujasema kitu. Ongeza hifadhi ya kisima kwenye modeli, na usilinganishe chochote kabla ya hapo.

Mwanzo ukilingana kisha maji ya kweli yakashuka haraka kuliko ya modeli, kuna ukuta ambao hukuuweka, pengine jiwe lisilopitisha, au kuna mtu mwingine anayevuta. Kwenye mchoro wa logi ya muda, ukuta mmoja ulionyooka hufanya mteremko uwe mara mbili. Jirani hujionyesha kwa namna nyingine. Tulipokuwa tukipima kisima kimoja Lang'ata, maji yaliyokuwa yakishuka vizuri yaliacha kushuka saa kumi alfajiri, yakapanda kwa nguvu zake mwenyewe, pampu yetu ikiwa bado inavuta. Tulikaa na mlinzi wa zamu kando ya jenereta tukitazama namba zikipanda sentimita kwa sentimita. Yeye ndiye aliyetufumbua macho: "Hapo ng'ambo huzima pampu yao saa hii, tangi likijaa." Modeli haikuwa na kisima cha ng'ambo.

Kinyume chake, modeli ikishuka haraka kuliko kweli, umeweka mpaka usiopitisha maji karibu mno. Umbali ambao athari ya pampu imefika ni mzizi wa mraba wa 2.25 mara upitishaji mara muda, ukigawanya kwa kipimo cha hifadhi, yaani kiasi cha maji ambacho tabaka huachia kiwango kikishuka. Kwa upitishaji wa mita mraba 1 kwa siku na hifadhi ya 0.0001, siku ya kwanza ni mita 150. Siku ya mia ni kilomita moja na nusu. Modeli ya nusu kilomita kila upande inatosha kwa jaribio la saa 24 na haitoshi kabisa kumwahidi mteja maji ya mwaka.

Dalili: ufa unafunguka kabla pampu haijawashwa, au haufunguki kabisa

Ukifunguka wenyewe, karibu kila mara ni alama ya kujumlisha na kutoa. Watu wa miamba huhesabu kubanwa kuwa chanya; programu nyingi za vyuma na majengo huhesabu kuvutwa kuwa chanya. Ukipeleka mkazo wa mwamba, yaani nguvu inayoubana kwa kila eneo, kule bila kugeuza alama, umeuambia mwamba wa kina cha kilomita kwamba unavutwa pande zote. Endesha hatua moja bila pampu. Mwamba ukisogea hata kidogo, mkazo wa mwanzo haulingani na uzito wa mwamba wenyewe, na hakuna sababu ya kuendelea mbele.

Ufa usipofunguka, fanya hesabu ya mkono kabla ya kulaumu programu. Kutokana na hesabu ya Kirsch ya mwaka 1898 ya mkazo kuzunguka tundu la mviringo, ukuta usiopenyeza hupasuka presha ikifika mara tatu ya mkazo mdogo wa mlalo, toa mkazo mkubwa wa mlalo, toa presha ya maji ya kwenye vinyweleo, ongeza uimara wa jiwe dhidi ya kuvutwa. Tuseme kwa mfano, kina cha mita 1,000: mkazo mdogo megapaskali 15, mkubwa 20, presha ya maji 7.8 kwa kuwa maji yamesimama mita 200 chini, uimara 5. Jibu ni megapaskali 22.2. Hiyo ni presha ya chini kisimani. Geji iko juu, na shimo likijazwa mpaka mdomoni, nguzo ya maji ya mita 1,000 ina megapaskali 9.8 zake yenyewe. Geji itasoma 12.4, ukiongeza msuguano wa bomba. Nimewaona watu wakisubiri 22 kwenye geji huku mwamba ulikwisha kupasuka zamani.

Maji yakipenya ukutani kabla ya kupasua, mwamba hupasuka mapema zaidi. Na penye nyufa za asili, huenda usione kilele cha presha hata kidogo. Nyufa za zamani hufunguka au huteleza polepole na kisima kikaanza kumeza maji. Usiweke kigezo cha kuvutwa peke yake. Weka na cha kuteleza. Hili si jambo la kinadharia. Basel, Uswisi, mwaka 2006, maji yaliyosukumwa kwenye kisima kirefu cha joto yalizitelezesha nyufa za chini hadi likaja tetemeko la ukubwa wa 3.4, na mradi ukasimamishwa.

Mwelekeo nao ni kipimo cha bure. Ufa hufunguka ukikabili mkazo mdogo kuliko yote, kama Hubbert na Willis walivyoonyesha mwaka 1957. Bonde la Ufa linatanuka mashariki na magharibi, kwa hiyo chini kule uzito wa juu ndio mkazo mkubwa, na ufa unatarajiwa usimame wima ukielekea takriban kaskazini na kusini. Modeli ya Olkaria ikikupa ufa uliolala kama mkeka kwenye kina cha kilomita mbili, rudi kwenye jedwali la mkazo.

Dalili: kila ukikaza gridi, urefu wa ufa unabadilika

Umeuambia mwamba upasuke mkazo ukipita uimara wake ndani ya seli. Lakini kwenye ncha ya ufa, mkazo kinadharia hauna mwisho. Unakua kadiri unavyoisogelea ncha. Seli ndogo inaona mkazo mkubwa zaidi na inapasuka mapema. Hilo halina mwisho hata ukate gridi mara kumi. Tumia kigezo cha nishati, yaani ukinzani wa mwamba dhidi ya kupasuka, au eneo la kushikamana, yaani kipande cha mbele ya ncha ambapo kuta za ufa bado zinashikana, lenye seli kadhaa ndani yake.

Kisha jaribu modeli yako dhidi ya jibu linalojulikana. Ufa mrefu wenye kimo kilichofungwa, wa Perkins, Kern na Nordgren, usipovuja huongeza presha kwa muda ulioinuliwa kwa moja ya tano. Ufa wa Khristianovich, Geertsma na de Klerk, maji yenye mnato yakitawala, hushusha presha kwa muda ulioinuliwa kwa hasi moja ya tatu. Mmoja unapanda, mwingine unashuka. Programu yako ikishindwa kurudia hata mmoja wao kwenye mfano rahisi, usiipeleke Machakos.

Dalili: presha inapanda na kushuka kama meno ya msumeno

Maji yapitayo kwenye ufa hukua kwa mchemraba wa upana wake. Ufa ukipanuka mara mbili, unapitisha mara nane. Kwa hiyo programu ikihesabu maji kwanza, kisha mwamba, kisha maji tena, kosa dogo la upana linarudi likiwa jitu. Ikiwa unazigawanya hesabu hizo mbili, tumia mpangilio wa kushikilia mkazo unapohesabu presha, badala ya kushikilia umbo la mwamba au kuiacha presha isibadilike unapohesabu mwamba. Wapenda njia ya mkato hupunguza hatua ya muda na kuendelea, na mara nyingi husaidia.

Ila kuna mahali ambapo inaharibu. Kwenye hesabu za mwamba na maji pamoja, hatua ya muda ikiwa ndogo kupita kiasi kulinganisha na seli ya ukutani, presha huyumba hapo hapo ukutani, seli moja juu, inayofuata chini. Vermeer na Verruijt waliweka kipimo chake mwaka 1981: hatua isipungue mraba wa upana wa seli, gawa kwa mara sita ya kasi ya presha kusambaa. Ukiona meno yamekaa kisimani tu wakati wa hatua za kwanza, kaza seli za ukutani au refusha hatua ya kwanza.

Dalili: kisima cha moto kinameza maji zaidi kila siku, modeli haijui kwa nini

Umesahau joto. Maji ya nyuzi 25 yana mnato wa karibu mara nane ya maji ya nyuzi 250, kwa hiyo modeli inayojua mnato peke yake itasema kisima kitazidi kukataa kadiri baridi inavyoenea. Visima vya mvuke mara nyingi hufanya kinyume. Mwamba unapopoa hunywea na kuzifungua nyufa. Kwa jiwe lenye ugumu wa gigapaskali 20 na utanuko wa 0.000008 kwa kila nyuzi, kupoa nyuzi 100 kunaondoa karibu megapaskali 20 za mkazo ukutani. Hiyo ni nguvu sawa na ya pampu yenyewe.

Dalili: ufa mrefu mno

Turudi kwa yule mhandisi. Ufa unaovuja sana huwa mfupi, kwa sababu maji yanayopotea mwambani hayasukumi ncha. Kipimo cha uvujaji cha Carter, yaani namba inayosema maji hupotea kwa kasi gani kupitia kuta za ufa, hufuata mzizi wa mraba wa upenyevu, na uvujaji ukitawala, urefu wa ufa huenda kinyume na kipimo hicho. Alishusha upenyevu hadi 0.55 ya ule wa kweli ili azipate mita 9 za gridi. Mzizi wake ni 0.74, kwa hiyo ufa wake ukarefuka kwa zaidi ya theluthi moja: karibu mita 49 badala ya 36. Kisima cha jirani kiko mita 45.

Alirudisha upenyevu, akawasha marekebisho ya kisima, akaniita tena kabla ya saa tatu usiku. Maji yanashuka mita 20, ufa unaishia mita 36. Nilisikia furaha yake, lakini mita 9 za pengo ni chache mno kwa jiwe ambalo nyufa zake za asili hatujazihesabu. Huko kwenye naisi maji mara nyingi hufungua nyufa zilizokuwepo na kuzisafisha kabla hayajatengeneza mpya, nazo haziulizi mchoro wetu zielekee wapi. Jumatatu aliandika kwenye ripoti kwamba kwanza wafurishe vizibo viwili vya mpira chini ya kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima), wasukume maji kidogo, wazime pampu na kuitazama presha ikishuka, huku kihisi kingine kikiwa ndani ya kisima cha jirani tangu siku moja kabla. Jirani alikubali kihisi kiwekwe kisimani mwake, kwa sharti kwamba pampu yake isizimwe Jumapili.